Baiskeli Zilizotelekezwa na Mafundi wa Miono

Mazungumzo ya leo yanahusu kazi ya kuzitafuta, kuzinunua kwa bei ya chini na kuzitengeneza upya baiskeli ambazo wenyewe wamekwisha kuzikatia tamaa. Katika kata ya Miono, iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze mkoani Pwani, kama katika vijiji vingine vingi vya pwani, baiskeli za namna hiyo huonekana zimeegemezwa nyuma ya nyumba, zimening'inizwa kwenye boriti za banda au zimelala uani huku nyasi zikichomoza katikati ya spoki, na mpita njia anayeziona huweza kudhani kwamba zama za baiskeli zimekwisha. Dhana hiyo haina msingi, kwa sababu nyingi kati ya baiskeli hizo zina fremu nzima na magurudumu yanayoweza kunyooshwa, na kilichozilaza ni kifaa kimoja kidogo ambacho hakikupatikana siku kilipohitajika.

Miono ipo kati ya barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, iliyo upande wake wa magharibi, na Bahari ya Hindi iliyo mashariki, na njia inayotoka Mandera kupitia Miono hadi Mkange na kuendelea Saadani, kwenye hifadhi ya taifa iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ndiyo tegemeo la usafiri wa eneo hilo. Wenyeji wake, ambao miongoni mwao wamo Wazigua, Wadoe na Wakwere, hulima mahindi, mihogo, ufuta na mananasi, na mashamba yao aghalabu yako mbali na makazi. Safari ya kwenda shambani, kisimani, shuleni au zahanati huwa ya kilomita tatu, tano au nane, yaani umbali unaomchosha mtembea kwa miguu mwenye mzigo, lakini usiolipika kwa nauli ya bodaboda kila siku na mtu ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka baada ya mavuno. Katika umbali wa aina hiyo baiskeli haijapata mpinzani. Madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji yana uzito wa kilo 80, na keria imara ya chuma huyabeba bila kudai petroli.

Baiskeli kongwe za eneo hili ni za umbo ambalo pwani yote inalifahamu, lenye fremu ndefu ya chuma na bomba la juu lililolala, breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, matairi ya inchi 28 na keria pana nyuma. Umbo hilo lilisambazwa na kampuni ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza, wakati wa ukoloni, kisha likaigwa na viwanda vya Asia kama vile Phoenix ya Shanghai, na Hero ya Ludhiana nchini India, iliyoanzishwa mwaka 1956. Na Tanzania yenyewe ilipata kuwa na Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, iliyojulikana kwa kifupi kama NABICO, ambayo baiskeli zake ziliitwa Swala. Baiskeli ya umbo hilo ina uzito unaokaribia kilo 20, na uzito huo unaolalamikiwa na waendeshaji ndio uliozifanya fremu hizo ziishi muda mrefu kuliko waliozinunua. Kundi la pili ni la baiskeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya, ambazo ni nyepesi zaidi na zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa, ila zina matatizo yake ambayo yataelezwa baadaye.

Ni nini basi kilichozifanya zitelekezwe? Jibu la haraka ni pikipiki, na jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilifurika nchini katika muongo wa kwanza wa karne hii, hadi mwaka 2010 serikali ikatunga kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. Kijana aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli alihamia kwenye pikipiki, na hakuna sababu ya kumlaumu. Lakini baiskeli ya mkulima haikuwa chombo cha biashara ya abiria, na kuwekwa kwake kando kuna sababu nyingine zilizo kimya zaidi: mwenyewe amefariki na warithi hawajaamua ni ya nani, mwanafunzi amemaliza shule na kuhamia mjini, au mradi uliompa mhudumu wa afya baiskeli ulikwisha kabla ya tairi la kwanza kuisha. Chuma kikishalala hufikiwa na mnunuzi wa chuma chakavu anayepita vijijini na mizani yake, ambaye hukinunua kwa kilo na kukiuza kiyeyushwe viwandani. Kwa mizani hiyo, fremu nzima iliyonyooka na fremu iliyokatika zina bei moja, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Katika baiskeli za mtumba, kosa linalozilaza nyingi kuliko yote ni la namba ya tairi, na jambo hili linahitaji kuelezwa kwa kirefu kwa sababu wauzaji na wanunuzi wengi hawalijui. Tairi la baiskeli ya kawaida kutoka Japani huandikwa inchi 26 kwa 1⅜, na tairi la baiskeli ya milimani, yaani ile yenye matairi manene ya vijino, huandikwa inchi 26 kwa 2.0; mtu akiona 26 na 26 huamini kwamba yanaingiliana, akanunua, akafika nyumbani na kuhangaika nalo mchana kutwa bila mafanikio. Ukweli umo katika namba nyingine iliyoandikwa kwa maandishi madogo ubavuni mwa tairi, ambayo hufuata kipimo cha kimataifa cha milimita. Tairi la kwanza lina namba 37-590 na la pili lina namba 50-559, ambapo tarakimu za mwanzo zinaonyesha upana wa tairi, na zile tatu za mwisho zinaonyesha kipenyo cha rimu mahali ukingo wa tairi unapokaa. Tofauti ya 590 na 559 ni milimita 31, zaidi ya sentimita tatu, na hakuna mkono wala bisibisi inayoweza kuziba pengo hilo. Baiskeli kongwe za inchi 28 nazo zina namba yao, ambayo ni 40-635, na matairi yake hupatikana kwa urahisi kwa kuwa yamezoeleka nchini kwa muda mrefu.

Fundi anayezifahamu namba hizo huwa tayari ameshinda nusu ya kazi. Akikuta baiskeli ya Kijapani iliyotupwa kwa kukosa tairi la 590, huagiza tairi hilo kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, Dar es Salaam, akitaja milimita badala ya inchi; na likikosekana kabisa, hufungua spoki zote, akakihifadhi kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, na kukisuka upya kwenye rimu ya 559 kwa spoki fupi zaidi. Badiliko hilo huishusha rimu milimita 15 na nusu kutoka mahali ilipokuwa, kwa hiyo breki ya mbele inayobana rimu haitaifikia tena mpaka itafutiwe yenye mikono mirefu. Breki ya nyuma haiathiriki, kwa sababu baiskeli nyingi za Kijapani zina breki ya nyuma inayobana ndani ya kikombe kilichofungwa kwenye habu. Hesabu ya namna hii hufanywa na fundi akiwa amechuchumaa mchangani, na ni hesabu ya kihandisi kama nyingine yoyote.

Kabla ya yote hayo kuna suala la kuchagua, kwa maana si kila baiskeli inastahili kununuliwa. Kiungo cha kuchunguzwa kwanza ni fremu, na sehemu ya kutazamwa kwa makini zaidi ni pale mabomba mawili yanapokutana na shingo inayobeba usukani, kwa kuwa baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele huvimba au hukunjika kidogo chini ya maungio hayo, na rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ni dalili ya ufa. Kunyooka kwa fremu hupimwa kwa uzi. Uzi hufungwa mahali ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, ukavutwa mbele, ukazungushwa kwenye shingo ya usukani na kurudishwa hadi upande wa pili, kisha nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti hupimwa kulia na kushoto. Nafasi zikilingana fremu imenyooka. Zikitofautiana kidogo inaweza kurudishwa. Zikitofautiana sana, hiyo ni baiskeli ya kuchinja, yaani ya kufunguliwa ili vifaa vyake vizima vitumike kama spea kwa nyingine. Uma wa mbele uliokwisha kupinda na kunyooshwa mara moja haufai kunyooshwa tena, hata kama mwenyewe ataapa kwamba utadumu, kwa sababu chuma kilichokunjwa mara kwa mara mahali pamoja hukatika bila taarifa, na uma ukikatika kwenye mteremko aliyepanda huanguka kwa uso.

Kununua kwa bei ya chini kuna hatari yake nyingine, ambayo ni mali ya wizi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu mpokeaji wa mali ya wizi kuwa na kosa, na fundi anayeletewa baiskeli jioni na kijana asiyemjua, kwa bei ya kutupa, anapaswa kuikataa bila kusita. Kinga iliyo rahisi ni hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, ikitaja jina la muuzaji, bei, tarehe na namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye chuma chini ya kikombe cha pedeli au kwenye bomba la kiti. Kwa baiskeli ya marehemu, hati hiyo inapaswa kuwa na ridhaa ya warithi, kwa kuwa ugomvi wa kaka na dada juu ya baiskeli ya baba huamka pale tu inapoonekana inang'aa barabarani.

Kazi yenyewe ya kufufua huanza na kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na kadiri mtu anavyokaribia Saadani, ambako chumvi hutengenezwa kwa maji ya bahari, ndivyo nati zinavyoshikana na bolti zake. Nati iliyoshikana hailazimishwi. Hudondoshewa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, ikaachwa ilale usiku mzima, na asubuhi hugongwa polepole pembeni kabla spana haijawekwa. Fundi asiye na subira huzungusha kwa nguvu, kona za nati zikalika, na kazi ya nusu saa ikageuka kuwa ya siku nzima kwa tupa na patasi.

Baada ya hapo hufunguliwa sehemu zote zinazozunguka. Ndani yake mna gololi, yaani vipira vya chuma vinavyoiwezesha ekseli kuzunguka bila kusagana na kikombe chake. Habu ya nyuma huwa na gololi za robo inchi, tisa kila upande, na habu ya mbele huwa na ndogo zaidi, kumi kila upande. Gololi iliyochakaa hutambulika kwa kupoteza mng'ao na kuwa na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, na ikionekana moja ya namna hiyo, zote za upande huo hutupwa. Kuchanganya mpya na za zamani ni kosa linalofanywa kwa nia ya kubana matumizi, na matokeo yake ni gharama zaidi, kwa kuwa zile mpya, zikiwa nene kuliko wenzake kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hubeba mzigo wote peke yake na kuchimba kikombe. Grisi mpya hupakwa, koni hukazwa mpaka gurudumu lizunguke bila kutikisika wala kukwama, na hapo baiskeli iliyokuwa ikilia hunyamaza.

Kifaa kidogo kinachozilaza baiskeli nyingi za inchi 28 ni kota, yaani pini iliyochongwa ubapa upande mmoja inayoufunga mkono wa pedeli kwenye ekseli yake. Kota ikilegea, pedeli hupiga kishindo kila inapozunguka, tundu hulika, na mwenyewe hudhani kwamba ekseli yote imekufa. Kota mpya ni miongoni mwa vifaa vya bei ya chini kabisa katika duka la spea, lakini kuifunga kunahitaji adabu. Ubapa wake huchongwa kwa tupa mpaka ukae sawasawa dhidi ya ekseli, kisha pini husukumwa kwa jiliwa, kifaa cha kubana kinachofungwa mezani; na pasipo na jiliwa, mkono wa pedeli huegemezwa juu ya kipande cha bomba kilichosimama kwenye jiwe, ili pigo la nyundo lipokelewe na bomba hilo badala ya kupokelewa na gololi. Fundi anayepiga nyundo pedeli ikiwa inaning'inia hewani hufunga kota na wakati huohuo huvunja kikombe.

Kunyoosha rimu ni kazi ya uvumilivu. Gurudumu huzungushwa katikati ya vipande vya breki, na pale rimu inapovutika kulia, spoki za kushoto za mahali hapo hukazwa robo mzunguko tu na za kulia hulegezwa kidogo, kisha gurudumu huzungushwa tena. Mnyororo nao hupimwa kwa futi ya fundi cherehani: pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa inchi 12 kamili, na zikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi mnyororo huo umekwisha na utakula meno ya friwili, yaani gia ya nyuma inayoruhusu pedeli kutulia wakati baiskeli inakwenda. Rangi huja mwisho kabisa. Anayeanza na rangi anamficha mnunuzi jambo fulani, na hilo linapaswa kusemwa wazi.

Kuna kundi moja ambalo lingenufaika kuliko mengine yote na baiskeli zilizotelekezwa, nalo ni la wanawake na wasichana. Baiskeli za inchi 28 zenye bomba lililolala zilitengenezwa kwa kumfikiria mwanamume mwenye suruali, na mama aliyevaa kanga au mwanafunzi aliyevaa sketi ya shule hawezi kuzipanda kwa staha. Baiskeli ya Kijapani, ambayo vijana huidharau na kuiita ya kike, ina fremu iliyoshuka chini, kikapu mbele, taa inayowashwa na dainamo na kufuli iliyofungwa kwenye fremu, na kwa sababu ya dharau hiyo pamoja na tatizo la tairi lililokwisha kuelezwa, ndiyo inayopatikana kwa bei ndogo. Kuiacha ioze katika nchi ambayo msichana anaacha shule kwa sababu ya umbali ni uzembe usio na utetezi.

Mataifa mengine yamekwisha kuipa kazi hii utaratibu. Japani ilitunga sheria ya baiskeli mwaka 1980, inayoziwezesha serikali za miji kuziondoa baiskeli zilizotelekezwa karibu na vituo vya treni, na tangu mwaka 1988 baadhi ya miji hiyo imekuwa ikizitengeneza na kuzituma katika nchi zinazoendelea. Uswisi ina shirika la Velafrica, ambalo hukusanya baiskeli zisizotumika na kuzipeleka Afrika, Tanzania ikiwamo. Juhudi hizo ni njema, ila kontena la baiskeli lisiloandamana na matairi na mafundi huleta mzoga wa kesho. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilichagua njia tofauti kwa kubuni baiskeli moja nzito iitwayo Buffalo, inayotumia vipimo vya aina moja, na kuwafundisha mafundi wa vijijini kuitengeneza. Miono haihitaji kusubiri kontena lolote kwa kuwa fremu zimo uani mwa watu; kinachopungua ni jiliwa, spea na mtaji wa kuzinunua.

Mtaji huo una mlango wake. Halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi cha mafundi baiskeli kilichosajiliwa kina haki ya kuomba kama kikundi cha bodaboda au cha wafugaji wa kuku. Mafundi waliojifunzia kazi chini ya mwembe wanaweza pia kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi na kupewa cheti, ambacho huwaongezea uzito wanapokaa mbele ya maofisa wa mikopo. Maofisa maendeleo ya jamii wa kata ya Miono na kata jirani za Mkange na Mandera wanaombwa kuwafuata mafundi hao walipo, wakawasaidie kuandika katiba na maombi, kwa maana wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba kazi yao ni mradi. Na kila mwenye baiskeli iliyolala uani anaombwa kwamba siku mnunuzi wa chuma chakavu atakapopita na mizani, baiskeli hiyo isipimwe kabla fundi hajaitwa kuikagua.